Kaye ya Bikaro Bidogo

Kavuo alikuwa na kitu mudomoni, na hakikukubali kushuka.

—Mama, unatafuna karanga wakati sisi tunashika muuaji? kijana moja wa bariere, kizuizi cha barabara, akamuchokoza. Hiyo njala yako ni ya namna gani?

Benzake bakacheka kidogo. Ni kweli, Kavuo alikuwa na kifuko ya karanga kwenye mapaja. Akaendelea kutafuna.

Ilikuwa saa ine ya asubuhi, pa kuingilia Beu, mujini Beni. Issaka, ule balikuwa bamemushika, alikuwa amemutosha Butembo na moto yake, pikipiki, yeye na kilo makumi mbili ya maharagi ya Musienene. Huyo Issaka alikuwa anabeba batu, anabeba na mizigo ya batu: dawa, barua, simu za kutengeneza. Bateja bake balimuaminia. Mais bale bavijana ba bariere balikuwa bapya pale. Juzi tu kartiye, mutaa wote, ilikuwa imezika batu saba ba kuchinjwa na baasi banaojiita Baislamu, na tangu siku ile hakuna aliyelala vizuri. Panga zilikuwa mukononi.

Kabla ya ile kicheko, balikuwa bamemukuta Issaka na kaye kwenye sakoshi, mufuko wake. Kaye ya bikaro bidogo, daftari ya miraba ya hesabu, ile bamama tunanunua kila septembre na hatuifungue tena. Ndani hakukuwa hesabu hata moja. Kulikuwa byumba na njia, bimechorwa na biki, kalamu ya bluu, ukurasa kwa ukurasa: milango, misalaba, mafuvu ya batu.

Mukubwa wa bariere, Kasonia, hakujua kusoma. Kavuo yeye alifika darasa la sita. Kaye ikamufikia.

—Soma, mama. Soma kwa nguvu, bote basikie.

Kavuo aliangalia kifuniko. Akakiangalia tena. Akainama, akakohoa ndani ya mukono. Kisha akafungua na akasoma.

—"Hapa balinzi bane. Ua kwanza ule mwenye sumu. Mulango wa nyuma hauna mutu. Chumba ya mwisho, mukubwa wao amelala. Choma bote."

Kicheko ya karanga ilifuata, kisha ikaisha. Sasa Issaka alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara, mikono juu ya kichwa.

—Ni muchezo, bandugu! Jeu ya tele, ya televisheni! Ya zamani, ya Bajaponi. Baliiga mambo ya Bazungu: makasri, majoka, bashujaa ba chuma. Mashine haikuonyeshe njia. Ukiingia mule chini ya udongo, unachora njia weye mwenyewe kwa kaye, ao unapotea na batu bako bote banakufa. Kijana moja wa Butembo alinipatia nipelekee rafiki yake hapa.

—Na bakikufa mule, banarudia? Kasonia akauliza.

—Hapana. Banakufa kabisa.

—Sawa na hapa. Jina ya huyo kijana?

—Grand, mukubwa wangu, mi nabeba mizigo ya batu ngapi kwa juma! Siwezi kukumbuka majina yote. Mais jina yake iko. Na numéro ya simu yake iko. Alibiandika kwenye kifuniko, kwenye pembe. Angalieni! Mumupigie simu, aje aseme mwenyewe!

Kasonia akanyang'anya Kavuo ile kaye. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Kifuniko hakikuwa na pembe.

—Imepasuliwa. Donc uliipasula, ukaitupa.

—Ilikuwako! Asubuhi ilikuwako! Issaka akamugeukia Kavuo. Mama, weye njo uliishika. Uliona ile jina, hapana? Baambie. Mama, mimi njo nilikubeba na maharagi yako. Baambie!

Bote bakamuangalia. Taya ya Kavuo ikasimama.

Akatikisa kichwa: hapana.

—Na weye mwenyewe unaitwa nani? Kasonia akauliza.

—Issaka.

—Issaka! Jina ya Baislamu! mutu moja akaita nyuma, na hiyo ilitosha.

Jiwe ya kwanza ilimupata kwenye jicho. Ya pili aliikinga na kaski, kofia yake ya pikipiki. Fimbo ya chuma ikavunja mukono wenye kushika kaski, na toka pale hakukuwa tena kitu cha kukinga. Batu balitoka kwenye nyumba, bakaja na matofali. Hata mama mwenye mutoto mugongoni alitupa yake. Bengine balitosha esansi, ile petroli, kwenye moto yake na bakaichoma pembeni yake. Issaka aliita Mungu, kisha jina ya muke wake, kisha "mama" tu, "mama", na Kavuo hakujua kama ni yeye anayeitwa.

Kisha hakuita tena. Mawe yaliendelea.

Kijana ule wa mambo ya karanga alimuletea Kavuo maji ndani ya kikombe ya plastiki. Mukono wake ulikuwa na damu.

—Kunywa, mama. Umesaidia kartiye. Meza, itakupita.

Kavuo akakunywa. Akameza.

Alirudi Butembo siku ileile, juu ya lori. Maharagi aliyaacha. Kwake, mutoto wake wa kwanza, Lévi, miaka kumi na sita, alikuwa amekaa mbele ya tele na mashine yake ya zamani. Kwenye tele, shujaa wa chuma alikuwa amesimama mbele ya mulango wa giza. Lévi hakugeuza hata kichwa.

—Mama, umerudia mbio hivi? Njiani hukukutana na Issaka, ule wa moto? Éphraïm, rafiki yangu wa Beni, ananiandikia toka asubuhi, ati hajaona kaye yangu.

Kavuo akakaa kwenye kitanda, viatu miguuni.

—Pengine ilipotea.

—Ipotee namna gani? Niliandika jina yangu na numéro kwenye pembe, kubwa kabisa, vile ulinifundisha. Hata wa darasa la kwanza angeiona.

Kavuo akapitisha ulimi nyuma ya meno. Wino ya biki ya bluu ilikuwa ingali chungu.