Kitambaa Kwenye Kamba

Kitambaa chekundu kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba ya nguo, kinadondosha maji.

Moyo ulinilipuka. Jana nilikifunga mwenyewe kwenye mguu wa Mapozi, ng'ombe wetu aliyevimba kiwele, baada ya daktari wa mifugo kumtia antibayotiki kwenye chuchu. "Maziwa yake mwageni mpaka dawa imwishe mwilini; hata kidogo yataharibu tangi zima," alisema. Kitambaa ndicho kilichokuwa alama.

"Kilijaa kinyesi, mwanangu, nikakufulia," alisema mama mkwe, mgeni wetu tangu jana jioni. "Na ng'ombe nimekukamulia wote, nawe upumzike kidogo. Maziwa nimeyachanganya, yako getini."

Wote. Hata Mapozi.

Getini, dereva wa lori la tangi alikuwa ameshika debe letu, tayari kulimimina juu ya maziwa ya majirani. Na majirani wenyewe walikuwa pale kwenye foleni, masikio wazi. Ningefungua mdomo tu, mama mkwe asingeweza tena kuwatazama usoni.

Nikatimua mbio, nikajifanya nimejikwaa, nikamvaa dereva mzima mzima. Debe likaanguka. Maziwa yakanifikia kwenye kandambili, bado yana uvuguvugu.

"Macho umeyaacha wapi wewe?" mama mkwe alifoka. Majirani wakaangua kicheko.

Waache wacheke. Nilishusha pumzi.

Dereva akaninyanyua, akafunga mfuniko wa tangi.

"Pole, shemeji, usijali sana," akasema. "Hili lilikuwa debe lenu la pili. La kwanza nimeshalimimina tangini."