Hatua za Namba Tisa

Mashine ilikuwa inachechemea.

Tap. Kimya kidogo. Mkwaruzo. Kisha tap tena. Waliopita kwenye korido walidhani imeharibika, na mmoja aliwahi kuingia na kopo la mafuta akitaka kusaidia. Mhandisi alicheka, akamweleza. Mguu ule wa chuma, wenye goti bandia alilolibuni mwenyewe, ulikuwa unatembea kama mtu fulani wa kweli. Hospitali ilikuwa imepima mwendo wa wagonjwa ishirini waliojitolea kwenye utafiti kabla ya kupasuliwa magoti. Mwendo mgumu kuliko yote ulikuwa wa namba tisa, mama mmoja aliyeburuta mguu wa kushoto. Goti likistahimili hatua milioni tano za mama huyo, litamfaa yeyote.

Ambalo hakulisema ni kwamba namba tisa alifia kwenye meza ya upasuaji.

Mhandisi hakuwahi kumwona. Kanuni za utafiti zilificha majina. Yeye aliletewa namba na vipimo, na siku moja barua ya mistari miwili ikisema kwamba namba tisa hayupo tena. Tangu hapo usingizi ukamhama. Goti la kuwekewa mama huyo lilikuwa kazi ya mikono yake. Kila alipokula, kila alipoinama kufunga kamba za viatu, alisikia: tap, kimya, mkwaruzo.

Wiki ya pili ya jaribio, mlinzi alimleta mzee mmoja mlangoni, nadhifu, kofia mkononi.

"Anasema amekuja kwa ajili ya namba tisa," mlinzi alisema. "Nimemwambia hapa hatuchezeshi bahati nasibu, wala hacheki."

Mzee hakumsikia. Alikuwa amekaza macho kwenye mguu wa chuma.

"Ndivyo alivyotembea," alisema taratibu. "Ndivyo hasa alivyoingia."

Mhandisi aliweka bisibisi chini. Akavuta kiti. "Pole sana, baba. Kaa."

"Asante, mwanangu."

Akawa anakuja kila siku saa nne asubuhi. Kabla ya kukaa alinawa mikono kwenye sinki la kona, polepole, kidole kwa kidole mpaka kwenye viwiko, na mhandisi akajisemea kwamba wazee wa zamani walilelewa kwa usafi. Hakuwa mtu wa maneno. Aliletewa chai, akaishika bila kuinywa, akasikiliza.

Siku moja mhandisi alimuuliza kama mama alikuwa mcheshi.

Mzee alifikiri sana. "Alinichekesha mara moja. Aliniuliza kama goti jipya litajua kucheza muziki."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia litacheza kuliko lile la zamani." Akageuza uso dirishani. "Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu."

Siku hatua zilipotimia milioni nne, mhandisi alishindwa kujizuia. Alivuta kigoda akakaa mbele ya mzee, uso kwa uso.

"Baba, kuna jambo linanila. Goti hili nimelitengeneza mimi. Kama ndilo lililomuua, niambie. Usinionee huruma."

Mzee aliweka kikombe chini.

"Halikumuua."

"Umejuaje?"

"Halikufika kuwekwa. Lilikuwa bado kwenye pakiti yake, juu ya trei, damu ilipokataa kusimama." Akamshika bega. "Usibebe mzigo usio wako, mwanangu. Huo una mwenyewe."

Mhandisi alilia kama mtoto, mbele ya mashine, akiwa na koti lake la kazi. Alishukuru kwamba hospitali ilimweleza mzee kila kitu waziwazi, kama inavyotakiwa kuwaeleza wafiwa. Siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alilala mpaka kukakucha.

Siku ya mwisho ikafika. Mzee hakukaa. Alisimama mbele ya mashine, mikono ameikunja kifuani, akitazama namba zikipanda. Milioni tano. Goti halikuwa na ufa hata mmoja. Kwa mhandisi ilikuwa kazi ya miaka sita, lakini hakuthubutu kushangilia.

Alipeleka mkono kwenye swichi.

"Usiizime ghafla," mzee aliomba. "Ipunguze kidogo kidogo."

Akaipunguza. Hatua zikawa nzito, zikaachana, zikawa za mtu anayekaribia kiti chake. Tap. Kimya kirefu. Mkwaruzo. Kisha hapakusikika kitu.

Mzee alitazama saa yake ya mkononi. "Saa tano na dakika kumi na mbili," alinong'ona bila kumwambia yeyote, kama mtu anayetaja saa ili iandikwe.

Mhandisi alingoja kidogo, halafu akamletea karatasi iliyotumwa na nesi wa utafiti. Vipimo vya mwendo wa marehemu vingeweza kutunzwa au kufutwa, alimweleza, na uamuzi ni wa ndugu zake.

"Mimi ndiye nijaze?"

"Nani mwingine, baba? Ni wewe peke yako uliyekuja."

Mzee aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kalamu imesimama hewani. Mwishowe akaandika kitu, akailaza kifudifudi chini ya kikombe. Alimpa mhandisi mkono, akavaa kofia yake, akaondoka kwa mwendo wa mtu mzima asiyeumwa popote.

Baadaye, akitafuta bahasha, mhandisi aliigeuza ile karatasi. Penye sahihi palikuwa patupu. Penye kutunza au kufuta palikuwa patupu. Mstari mmoja tu ulikuwa umejazwa, kwa herufi zilizokandamizwa mpaka karatasi ikachanika kidogo. Mbele ya maneno "Uhusiano wako na marehemu", mzee alikuwa ameandika: *Nilimpasua mimi.*