Tikiti Lisilochongwa

Kwa Bi Kache, muuza matikiti, Zamzam alijulikana kwa ubishi. Hakuwahi kununua tikiti kabla halijachongwa kidirisha, auone wekundu kwa macho yake.

Leo alifika na mumewe, Mbwana, wakitoka hospitali. Katika viinitete vyao vilivyokuzwa maabara, kimoja tu ndicho kilichobaki hai. Daktari aliwauliza: kitolewe seli chache, kipimwe vinasaba, au kipandikizwe tumboni hivyo hivyo? Kipimo kingeweza kuwaepusha na mimba nyingine ya kuharibika, alisema, lakini kingeweza pia kukosea, na hakiponyi kitu. Alitaka jibu kesho.

"Unasemaje?" Mbwana aliuliza njia nzima.

Sasa alichagua tikiti kubwa, akalikumbatia. Bi Kache akanyanyua kisu kama kawaida.

"Usilichonge, Bi Kache."

"Wewe? Leo?" Bi Kache akashika kiuno. "Unaumwa, mwanangu?"

"Sijambo. Nalitaka zima."

"Na likitoka jeupe?"

"Nitalia. Halafu nitarudi kuchagua jingine."

Mbwana akamkodolea macho mkewe. Alipoelewa kuwa amejibiwa, akacheka mpaka watu wa genge la pili wakageuka. Akanyoosha mikono apokee mzigo.

"Niachie," Zamzam alisema, naye akicheka. "Huu wangu."

Akatangulia polepole, tikiti limemkaa tumboni, akiligonga kidogo kwa kidole, kichwa amekiinamisha kusikiliza.