Bei ya Jana

Noela alikuwa juu ya ngazi akibadilisha tarakimu kwenye ubao wa bei, Zakayo alipoingia kituo cha mafuta cha pale Ifakara na pikipiki yake. Tarakimu ya kwanza iliachwa. Ya pili ikang'olewa. Zakayo hakutaka kuona itakayobandikwa. Akageuza uso.

"Mmeanza tena," alisema.

"Shikamoo, kaka Zakayo," Noela alijibu kutoka juu. "Leo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei si yangu, mimi nabandika tu. Nishuke nikujazie?"

"Sitaki."

"Haya. Ila siku hizi sikuoni kabisa. Unajazia wapi?"

Zakayo aligeuka kutazama barabara. Hata marahaba hakuitoa. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshafika barabarani: bodaboda, bajaji, Noah mbili za abiria, na pawatila iliyotoka shambani ikiwa bado na matope. Madereva walikuwa na simu mikononi wakilinganisha. Kituo cha karibu na stendi kimetofautiana na hiki kwa shilingi kumi. Hapana, kumi na tano. Wengine walibishana mpaka wakatukanana.

Apolinari, dereva wa bajaji waliyezoeana naye miaka mingi, alimsogelea.

"Hawa watu hawaeleweki," Apolinari alisema. "Mwezi huu hivi, mwezi ule vile. Mtu unashindwa hata kupanga maisha."

"Wanatuchezea!" Zakayo alisema kwa sauti iliyopasuka, watu wawili wakageuka kumtazama.

Mama mmoja mwenye kapu la kambale akaja akashika kiti cha pikipiki.

"Kwenda Kibaoni shilingi ngapi leo?"

"Ile ile."

"Ile ile vipi, baba, na bei imebadilika?"

"Nimesema ile ile! Hutaki, tembea."

Mama akaachia kiti. Apolinari akamchukulia kapu, akamwelekeza kwenye bajaji yake. "Panda tu, mama, tutaelewana njiani." Kisha akamgeukia rafiki yake. "Kaka, yule mama kakukosea nini?"

Zakayo alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia binamu yake, Alphonce, anayeendesha Noah huko Kiberege.

"Huko kwenu bei imebadilika?"

"Tangu asubuhi," Alphonce alisema. "Vituo vyote. Na watu wamejaa kama sikukuu. Kwani vipi?"

"Hakuna hata kimoja kilichobaki na bei ya jana?"

"Hakuna, ndugu yangu. Nimepita vyote."

Akakata simu bila kuaga. Lilibaki tumaini moja: wauza petroli ya chupa. Wale wa vijijini hawana ubao wala mtu wa kuwapandia ngazi, na mara nyingine hukaa siku mbili tatu na bei ya zamani. Akawasha pikipiki, akavuka daraja, akakimbia mpaka Lupiro huku vumbi likimjaa puani. Njia nzima alikuwa akipiga hesabu, na kila alipofika mwisho wa hesabu alianza upya.

Katarina, muuza petroli ya chupa wa Lupiro, alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya mbao, mkono shavuni.

"Dada, unauza bei gani?"

Katarina alimtajia. Ilikuwa mpya.

"Mbona haraka hivyo?" Zakayo alifoka. "Ubao wameubadilisha asubuhi hii hii!"

"Siku hizi kuna simu, kaka. Kabla sijanywa chai kijiji kizima kilikuwa kinajua."

"Kwa hiyo ya jana haipo tena?"

"Nani atakubali bei ya jana leo?" Katarina alisema kwa uchovu. "Acha kunifokea. Sisi wa chupa ndio tunaoumia kabisa."

Zakayo alirudi Ifakara taratibu, kama mtu anayesindikiza msiba. Kijiweni alimkuta Apolinari akifuta kioo cha bajaji.

"Masagati je?" Zakayo aliuliza. "Kule mtandao unasumbua. Labda habari haijafika."

Apolinari aliacha kufuta. "Masagati? Upite Mlimba, uingie kule milimani, kwa ajili ya bei ya petroli? Zakayo, nenda nyumbani ukapumzike. Leo hauko sawa."

Alikwenda, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Mkewe, Valeria, alikuwa mlangoni, amevaa kitenge chake cha kutokea, uso umemng'aa.

"Baba Ester, nimekutafuta tangu mchana! Leo Mungu katukumbuka. Umesikia petroli ilivyoshuka? Zaidi ya mia mbili kwa lita! Si ulikuwa unalia nayo kila mwezi?"

Zakayo aliegemea pikipiki.

"Na bado," Valeria aliendelea. "Mpunga umepanda. Kuna mnunuzi katoka Morogoro, analipa laki na kumi kwa gunia. Nimeshampa neno, na lori lake linatusubiri kule kwenye mashine ya kukoboa. Twende ukatufungulie ghala, tumtolee magunia yetu yote arobaini."

Zakayo alitia mkono mfukoni, akaushika ufunguo, akashindwa kuutoa. Ghalani hakukuwa na gunia hata moja. Yote arobaini aliyauza mwezi uliopita, petroli ilipokuwa ghali kuliko wakati wowote na kila mtu akisema itazidi kupanda, na mahali pake yalisimama mapipa sita ya petroli, yamejaa mpaka mdomoni.