Mgeni Ndani ya Shuka

Kavutha alijifunika shuka pamoja na sungura aliyemnunua jana, mbele yao beseni la maji moto na majani ya mkaratusi, vile mama yake alivyomfukiza utotoni.

Mvuke ukatanda hadi mtaa wote wa Waithaka ukayeyuka. Akabaki na moyo mdogo ukimdunda kiganjani, na miguu ya mbele ambayo manyoya yake yalikuwa yamegandamana kwa makamasi aliyojipangusa mnyama.

"Mama, huyu mtenge na sungura wako wengine kwanza," muuzaji alikuwa amemwambia.

"Kwangu mgeni halazwi peke yake," alijibu akicheka, na usiku akamlaza bandani na wenzake.

Sasa pumzi ya sungura ikalainika. Kavutha naye akaanza kusinzia.

Ikasikika chafya, ndogo kama ya mtoto mchanga.

Ilitoka nje ya shuka, kule bandani kwa wale wengine.