Maneno Yasiyoenea Kwenye Disketi

“Mke wangu, ukichoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi, usisahau…” Sauti ya marehemu baba ikakatika kwenye spika ya kompyuta.

Zornitsa akapiga hesabu. Disketi ile hubeba kilobaiti 1,440, lakini kwenye lebo yake baba aliandika megabaiti 1.44 mara 1,024, akadhani inabeba 1,474. Basi akaendelea kujirekodi, kumbe imeshajaa.

“Mama, alikosea hesabu. Maneno ya mwisho hayakuingia.”

“Na alivyokuwa akijidai fundi wa kompyuta mji mzima wa Plovdiv!” Mama akacheka huku akimenya pilipili hoho zilizotoka motoni, vidole vyekundu hadi kwenye kucha. Kisha kicheko kikamwishia. “Hebu irudie, mwanangu.”

Akairudia. Sauti ilipofika kwenye “usisahau”, mama akaisogelea spika.

“Sijasahau, baba Zornitsa.”