Sindano ya Kabureta

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 1997. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianguka Bangwe, na ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa hata milima ya Kongo haikuonekana.

Calixte alikuwa amechuchumaa chini ya upenu, kabureta wazi mapajani, akikata bati la kopo la mafuta ya msaada kwa mkasi wa kushonea. Alilitoboa kwa msumari, akalisugua juu ya jiwe hadi likawa jembamba kama ukucha: washa ndogo ya kuvishwa kwenye sindano ya kabureta.

"Shemeji," alisema Bonaventura, suti yake ameifunika kwa koti la mvua, "mke nimempata kwa shida, sasa nimkose kwa sababu ya kisindano?"

"Pikipiki yako ilirekebishwa milimani," Calixte alijibu bila kuinua uso. "Kule hewa ni nyepesi, petroli kidogo inatosha. Huku ziwani hewa ni nzito, injini inakufa njaa. Ndiyo maana inakohoa kwenye mwinuko. Sindano ikiinuka kidogo tu, itashiba."

Bonaventura alikuwa muuza mawese wa Mwandiga, mpole, asiyepandisha sauti hata kwa wadaiwa wake. Calixte alikuwa amemtafutia kosa miezi yote ya uchumba, asilione.

Wiki hiyo malori yalikuwa yakizunguka mitaani yakiwakusanya Warundi walioishi nje ya kambi za wakimbizi ili kuwarudisha huko. Ilisemwa kwamba mwanamke aliyeolewa na mwenyeji, akiwa na cheti, huachwa. Kaneza, bibi harusi mwenyewe, alikwisha kuzika mtoto kambini, na kifua chake kisingestahimili masika mengine chini ya turubai. Cheti chake kilikuwa kinamngoja kanisani saa nne. Lakini kanisa lilikuwa juu ya kilima, na katikati ya mwinuko askari walikuwa wameweka kizuizi. Pikipiki ikipita kwa nguvu, nani atamsimamisha bibi harusi mwenye shela? Ikizimika pale, ataulizwa karatasi.

Calixte aliifunga kabureta, akapiga kiki. Injini iliwaka, ikakohoa. Aliongeza washa ya pili. Moshi mweusi ukatoka, plagi ikalowa. Akaifungua tena.

"Calixte!" Verediana, mama mwenye nyumba, aliita kutoka ndani alikokuwa akimpamba Kaneza. "Mwenzio amekwisha kung'aa, wewe bado unachezea makopo! Au hutaki kumtoa dada?"

"Warundi hao," mwanamke mwingine alidakia. "Hawatoi dada bila kuona pembe za ng'ombe!"

Wakacheka. Bonaventura naye akacheka. Calixte alijaribu kucheka, mkasi ukamkata kidole.

Bangwe walimjua Kaneza kama mjane aliyevuka mpaka na kaka yake. Matangazo ya ndoa yalikuwa yamesomwa Jumapili zote zilizotakiwa, na hakuna aliyepinga. Padre alipotaka uthibitisho, Calixte ndiye aliyeapa kwamba mume wa Kaneza alikufa njiani, na kwamba alimzika kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku ile hakupokea tena komunyo.

Aliisugua washa ya pili taratibu, akisali Baba Yetu kwa kunong'ona. Alifika kwenye "utakalo lifanyike", ulimi ukagoma. Aliyatazama mabati yale mawili kiganjani. Angeacha moja tu, injini ingefika kizuizini na kuzimika. Jioni wangekuwa kwenye lori moja, yeye na Kaneza. Asingekuwa amefanya dhambi yoyote. Angekuwa fundi mbovu tu.

Alizivisha zote mbili.

Safari hii injini ilinguruma sawasawa. Alivuta mafuta, ikapanda bila kusita, ikashuka bila moshi.

"Fundi ni fundi!" Bonaventura alipiga makofi. "Shemeji, hili sitalisahau."

Kaneza alitoka akiwa ameinua gauni lisiguse tope. Alisimama karibu na Calixte, akainama kama anayetazama injini.

"Kaka, imekubali?"

"Imekubali."

"Kama ungependa isikubali," alisema polepole, "sema sasa."

"Panda, Kaneza. Mvua inaongezeka."

Alipanda kiubavu, akamshika Bonaventura kiunoni. Wanawake wakapiga vigelegele hadi pikipiki ikapotea kwenye kona.

Calixte na Verediana walikata njia ya miguu, ile ipitayo kwenye michikichi, mbali na askari. Katikati ya kilima Calixte alisimama kusikiliza. Mlio wa pikipiki ulikuwa ukipanda upande wa pili. Ulifika usawa wa kizuizi. Haukukohoa. Haukupungua. Ukaendelea kupanda.

"Mungu mkubwa!" Verediana alisema. "Sasa mbona unalia, baba? Si umemwokoa?"

"Ni mvua, mama."

Kanisani watu walikuwa wachache: wauza mawese wenzake Bonaventura, wanakwaya, mabibi wa Bangwe. Padre alimwita ndugu wa bibi harusi. Calixte akasogea, akaushika mkono wa Kaneza, ulikuwa wa baridi, akauweka katika mkono wa Bonaventura. Kisha akarudi nyuma hatua moja, kama alivyoelekezwa.

Bonaventura alisema ahadi yake haraka, kwa furaha, akakosea neno, watu wakatabasamu.

Ikawa zamu ya Kaneza. Hakusoma popote, wala hakusubiri padre amtamkishe.

"Naahidi kuwa mwaminifu kwako," alisema mbele ya wote, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "katika taabu na raha, siku zote za maisha yangu."

Mara ya kwanza, kule kwao Makamba, alikuwa ameyasema kwa Kirundi, akimtazama Calixte.